Jina la Mtoto wa Kona Thelathini na Moja

Hapo zamani, mwaka ule barabara ya Kwehangala ilipokatika mara mbili kwa mvua na kufunguliwa mara mbili kwa majembe, aliishi huko juu milimani Usambara mkulima wa kabichi aitwaye Zuberi Shechambo, na mkewe Mwanahawa binti Salehe. Walikuwa wamezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Mtoto wa kwanza aliishi siku tatu. Wa pili hakumaliza saa moja. Na kwa desturi ya kwao mtoto hupewa jina siku ya saba, akinong'onezwa sikioni mbele ya watu. Kwa hiyo yale makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba hayakuwa na jina. Zuberi alipoulizwa na wageni ana watoto wangapi, alijibu, "Bado," kisha akageuza mazungumzo.

Mwanahawa alipata mimba ya tatu. Mwezi wa nane ulipokwisha, asubuhi ya Alhamisi, Zuberi akampeleka zahanati kupimwa.

Aliyempima ni Nesi Perpetua Kihiyo, mwanamke mfupi, mchache wa maneno, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amerudi kazini baada ya likizo ya wiki tatu. Alichukua kipembe chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, upande mmoja akaweka tumboni, upande wa pili akaweka sikio. Akasikiliza kushoto. Akasikiliza kulia. Akasikiliza chini. Halafu akatoka nje alikokaa Zuberi, akavuta mlango nyuma yake.

"Shechambo, mtoto amekingama. Amelala kama gogo lililoanguka katikati ya barabara. Kwa njia ya kawaida hapiti."

"Tufanye nini, Nesi?"

"Apasuliwe. Hapa hatupasui. Aende Korogwe, na aende leo. Uchungu ukianza hajafika, unawakosa wote wawili." Akatazama viatu vyake. "Ningekuwepo wiki zile tatu, ningeligundua mapema. Sikuwepo."

Zuberi hakumsikia vizuri hapo mwisho. Alikuwa anahesabu siku. Basi lilipanda Kwehangala Jumatatu na Ijumaa tu. Leo Alhamisi. Gari lililobaki lilikuwa moja.

Gari hilo lilikuwa la Fundi Abdurahmani Mhina. Lilikuwa dogo, la rangi ya samli, aina ya yale yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Kwa miezi miwili kila lilipokata kona lilitoa sauti, ko! ko! ko!, kama mahindi kwenye kikaango, hata watu wakaliita Bisi. Fundi Mhina alilichukia jina hilo. Yeye ndiye aliyetengeneza kila kitu chenye injini pale kijijini, na kanuni yake ilikuwa moja: kelele ya kona ni jointi ya ekseli, basi. Alikuwa ameifungua jointi ya kushoto Ijumaa tatu mfululizo, akaijaza grisi, akaifunga, akaenda kulijaribu gari kwa kuzunguka soko. Na Kwehangala kila kitu huzunguka soko kwa mkono wa kulia: ng'ombe wa mnada, bibi harusi, jeneza, kwa sababu upande wa pili kuna mtaro. Kwa hiyo Fundi alizunguka kwa mkono wa kulia, akikata kulia tu, gari likanyamaza, akatangaza kwamba limepona. Akitoka tu sokoni akakata kushoto kwenda kwake: ko!

Zuberi alimkuta uvunguni mwa gari, akamweleza akiwa amesimama, akihema.

Fundi Mhina hakuuliza maswali. Alifuta mikono, akaketi kwenye usukani, akafungua mlango wa pili. "Ingia. Tukamchukue."

"Na hiyo sauti, Fundi?"

"Jointi ya ekseli hiyo. Hata ikikatika, gari husimama tu, halimtupi mtu. Ingia, bwana!"

Walipofika zahanati watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, maana habari ya mgonjwa hufika kabla ya mgonjwa. Gari likakata kushoto kuingia getini. Ko! ko!

"Bisi imeiva!" mtu akapaza sauti.

"Leteni chumvi!" mwingine akadakia, wakacheka.

Zuberi hakucheka. Alimtazama mkewe akishikwa mkono kutoka mlangoni, mkono wake mwingine ukiwa chini ya tumbo kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Akasema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake:

"Nisikilizeni. Atakayemfikisha huyu Korogwe akiwa hai, na mtoto wake akiwa hai, huyo ndiye atakayelichagua jina la mtoto. Mtu mmoja, jina moja. Nilitaka kumpa jina la baba yangu. Baba atanisamehe."

Kicheko kikakatika. Jambo hilo kwao si dogo. Anayechagua jina la mtoto huwa mtu wa nyumba ile maisha yake yote: mtoto haolewi wala haoi bila yeye, na siku akifa, nyumba ile humlilia kama mzazi.

"Twendeni basi," akasema Fundi Mhina.

"Ngoja," akasema Nesi Perpetua.

"Nesi, jua linapanda."

"Naliona. Fundi, nina swali. Wiki moja kabla ya likizo yangu ulinileta hapa na sanduku la chanjo. Ulisimamisha gari pale pale lilipo, nikawa nateremka, ukawa unanyoosha usukani. Gari halikuwa linakwenda. Nikasikia ko. Hiyo jointi yako ya ekseli hulia hata gari likiwa limesimama?"

"Hailii," akasema Fundi Mhina. "Ekseli isipozunguka hailii."

"Basi zungusha usukani."

Akauzungusha kushoto. Ko! Mara moja, kisha kimya. Akaurudisha. Ko! Mara moja, kisha kimya.

Nesi Perpetua akapiga magoti kwenye kokoto na sare yake nyeupe. Akaweka kipembe chake cha mbao kwenye chuma cha gurudumu la kushoto, sikio juu yake. "Zungusha." Ko! "Hapa ni mbali." Akazunguka, akapiga magoti upande wa kulia. "Zungusha." Ko! Akaruka kama aliyepigwa kofi. "Hapa. Hapa ndipo ilipo."

"Lakini hulia nikikata kushoto!"

"Mimi sijui gari linakata wapi. Najua ninaposikia."

Fundi Mhina akapiga jeki upande wa kulia, akaingiza mtaimbo chini ya gurudumu, akanyanyua. Gurudumu lilipaswa kutulia kama jino zima. Likacheza, likaingia na kutoka upana wa kidole. Ilikuwa boljointi, kile kirungu cha chuma kinachokaa ndani ya kikombe chake na kulishika gurudumu lisilale. Kirungu kilikuwa kimekula kikombe, kimebakia ukingoni. Gari likikata kushoto uzito wote hulalia kulia, nacho hutaka kuchomoka. Na soko huzungukwa kwa kulia. Ndiyo maana Fundi hakusikia kitu.

Fundi akakaa chini, mavumbini, mbele ya watu wote.

"Nimekosea," akasema. "Tungeondoka, gurudumu lingelala kwenye Kona ya Chumvi. Kona ya kwanza kabisa. Tungekwenda wote bondeni."

Zuberi alitaka kumpiga Fundi, alitaka kumbusu Nesi, na hakufanya hata moja. Aliuliza tu, "Inapatikana wapi nyingine?"

"Korogwe."

Wakatazamana.

Lakini kulikuwa na gari la pili, la aina ile ile, na kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Mwantumu binti Kaoneka, chini ya turubai. Mwanawe, Mbaraka, alifia ndani yake miaka minne kabla, kwenye zile zile kona. Upande wa kushoto ulikuwa umebonyea mpaka kitini. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Bi Mwantumu aliwalipa watu kulipandisha tena mlimani. Kila Ijumaa alifunua turubai, akafuta vumbi, akafunika. Walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu akawafukuza kwa mchi.

Zuberi alikwenda mwenyewe, Fundi akimfuata na sanduku la spana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo na spana zake anataka nini kwangu?"

Zuberi akamweleza. Bi Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupepeta mchele wake.

"Hapana, mwanangu."

"Mama, ni kipande kimoja, hiki hapa, hakizidi ngumi."

"Leo kipande. Kesho atakuja wa taa. Keshokutwa wa kiti. Kile si gari, Zuberi. Kile ni chumba cha mwanangu. Nendeni mkatafute kwingine, na Mungu awatangulie."

"Hakuna kwingine, Bi Mwantumu," akasema Fundi Mhina.

"Wewe nyamaza! Miezi miwili kijiji kizima tunakula bisi zako."

Wakakaa. Zuberi hakujua kubembeleza zaidi. Jua likasogea kutoka kizingiti mpaka kwenye ungo. Saa nzima ikapita, yeye akisikiliza mchele ukiruka na kuanguka, na kila ulipoanguka alijiambia, sasa nitasema tena, na hakusema. Ndipo akaja mtu mbio kutoka zahanati, akasimama mbali kwa adabu, akaita, "Zuberi, Nesi anasema chupa imepasuka! Maji yanatoka!"

Mikono ya Bi Mwantumu ikasimama juu ya ungo.

"Wale wawili wa kwanza," akauliza, "mliwaita nani?"

"Hawakufika siku ya saba, mama."

Bi Mwantumu akainuka. Akaenda nyuma ya nyumba, akavuta turubai kwa mkono wake mwenyewe. "Toeni hicho kimoja," akasema. "Usukani msiuguse." Kisha akaingia ndani, akajifungia, na kila nyundo ilipopiga nje walimsikia ndani akisema, "Taratibu! Taratibu jamani!"

Kutu ilikuwa imezishika bolti. Fundi Mhina alizimwagia mafuta ya taa, akazigonga, akazilaani, akaziomba msamaha. Kipande kikatoka. Wakakimbia nacho zahanati kikiwa kimefungwa ndani ya kanga, na Fundi akakifunga kwenye Bisi kwa nusu saa, akilala chali, damu ikimtoka vidoleni. Pini ya kuizuia nati isifunguke ilikuwa imekatika. Akaweka waya, akauzungusha mara tano, akaubana kwa koleo. Akaingia, akakata usukani kushoto. Kimya. Akakata kulia. Kimya. Safari hii hakuna aliyetania.

Mwanahawa akalazwa ubavu kiti cha nyuma, miguu juu ya mapaja ya Nesi Perpetua. Uchungu ulikuwa umeanza, bado wa mbali mbali.

"Nisikilize, binti Salehe," akasema Nesi. "Utatamani kusukuma. Usisukume. Pumua kama unapuliza moto. Ukisukuma, umekwisha."

Kutoka Kwehangala hadi tambarare kuna kona thelathini na moja. Zuberi, kiti cha mbele, alizihesabu zote. Kona ya Chumvi: akaziba pumzi, akasikiliza chini ya miguu yake. Kimya. Kona ya Mkaratusi: kimya. Kona ya Nyuki, Kona ya Mjane: kimya. Kila kona alikaza misuli ya mgongo kana kwamba yeye ndiye anayelishika gurudumu. Nyuma alisikia mkewe akipuliza, fuu, fuu, na kila kona ilipompindua alisikia pumzi ikikatika, halafu ikianza tena. Kona ya kumi na tisa, ko!

"Simamisha!" Zuberi akapiga kelele.

Fundi alikuwa amekwisha kusimamisha. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu.

"Ni kipembe changu," akasema Nesi Perpetua. "Kimeanguka sakafuni. Endesha."

Kona ya ishirini na sita ndiyo Kona ya Padri, na pale mvua ilikuwa imekula nusu ya barabara. Fundi Mhina akashuka, akapima kwa hatua. Akajaza mawe. Akapima tena. Akarudi, akafungua mlango wake ukabaki wazi ili aone ukingo, akaliingiza gari polepole, nusu ya tairi ikiwa hewani, akilisemesha kama mtu anayemvusha ng'ombe mwoga mtoni: "Haya mama, haya mama, haya." Zuberi alifumba macho. Alipofumbua walikuwa wamevuka, na Fundi alikuwa analia bila sauti huku akibadilisha gia.

Wakafika Korogwe alasiri. Mwanahawa akaingizwa moja kwa moja kupasuliwa. Saa kumi na nusu akatolewa mtoto wa kiume, amechoka, lakini analia. Mama akaishi. Mtoto akaishi.

Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu, siku aliyokufa mtoto wao wa kwanza, Zuberi alikaa kando ya kitanda kutwa bila kula. Ikapita. Siku ya sita wakawapandisha mlimani, kwa Bisi ile ile, nayo haikusema neno. Siku ya saba watu wakajaa uani kwa Zuberi Shechambo. Wali ulikuwa jikoni, mtoto mikononi mwa mamaye, na kila mtu alikuwa anangoja jina.

Ndipo Nesi Perpetua Kihiyo akasimama, ingawa hakuzoea kusema mbele ya watu.

"Shechambo, uliahidi. Fundi alikuwa amekwisha kuwasha gari. Kama si mimi, mngekuwa bondeni wote, naye angekuwa anawaambia huko huko kwamba ni ekseli. Watoto mia nne na kumi na wawili wamepita mikononi mwangu hapa, na hakuna hata mmoja mwenye jina nililolitaja mimi. Sitaki kukupa jina la kanisani kwetu. Ningemwita Yusufu. Hilo limo kwenu, na kwetu limo."

"Wewe Nesi," akasema Fundi Mhina, "ulisikia ugonjwa wa chuma, wa tumboni ukakuta umechelewa. Uliutambua wiki tatu baadaye!"

"Nilikuwa likizo."

"Na mimi nilikuwa nimekosea, nimesema nimekosea, nimekaa mavumbini mkaniona. Mikono iliyokosea ndiyo iliyofungua, ikafunga, ikapita Kona ya Padri. Kama si mimi, Nesi angekaa na kipembe chake, na Bi Mwantumu angekaa na kipande chake, mpaka leo. Zuberi, ulisema atakayemfikisha. Nani alishika usukani? Nina miaka hamsini na mbili, sina mtoto. Mwite Abdurahmani."

Bi Mwantumu binti Kaoneka hakusimama. Alisema akiwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha.

"Huyu alitoa sikio, na sikio bado analo. Huyu alitoa mikono, na mikono hiyo hapo anaitikisa. Mimi nilichotoa hakikurudi. Nimekwenda Ijumaa kufuta vumbi, nikaona gari limelala upande, gurudumu limeanguka. Kama si mimi, hao wawili na ujuzi wao wangemzika Mwanahawa palepale zahanati. Namtaka Mbaraka."

"Saa nzima ulipepeta mchele, mama," akasema Fundi, kwa sauti ya chini. "Chupa ikapasuka ukiwa unapepeta."

"Nilipepeta," akasema Bi Mwantumu. "Ningekuona wewe, kile kingekuwa ni chumba cha mwanao."

Hapo akasema mtu ambaye hakuna aliyemtazamia, Mwanahawa mwenyewe.

"Zuberi, mimi sidai kitu mbele ya wageni. Lakini uliahidi jina la mtoto niliyekuwa nimembeba mimi, na hukuniuliza. Kona thelathini na moja niliambiwa nisisukume, na sikusukuma. Hilo nalo mlihesabu?"

Zuberi alikuwa ameahidi mtu mmoja na jina moja, watu wakiwa wanamsikia, na asiyetimiza ahadi ya jina hana uso wa kumwonyesha mtoto huyo akikua. Nesi alikuwa anamtazama. Fundi alikuwa anamtazama. Bi Mwantumu alikuwa anatazama mkeka. Mwanahawa akamkabidhi mtoto, mzito, wa moto, na siku ya saba ilikuwa inakaribia adhuhuri. Akainama mpaka midomo yake ikagusa lile sikio dogo.

Nami namwacha hapo ameinama, nawageukia ninyi mliokaa mkasikiliza tangu mwanzo. Nesi Perpetua Kihiyo aligundua, na alikuwa amechelewa kugundua. Bi Mwantumu binti Kaoneka alitoa, na alikuwa amekataa kwanza. Fundi Abdurahmani Mhina aliwafikisha, na yeye ndiye aliyekuwa karibu kuwaua. Mwanahawa binti Salehe alivumilia, na hakuna aliyemuuliza. Mtoto anangoja, na jina ni moja. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili kulichagua jina lile?